Barua pepe inanikubali, mafaili yananikataa

Wiki ya mwisho ya Juni, taasisi zinapofunga hesabu za mwaka, simu ya kitengo cha TEHAMA haipoi. Katika wiki hiyo mwaka 2025 mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima anayehesabu miezi ya kustaafu, hakupiga simu. Alikuja mwenyewe.

"Shikamoo mama," kijana wetu wa dawati la msaada akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hii nywila yenu ina ubaguzi. Barua pepe inanikubali, mafaili yananikataa. Na naandika ileile, herufi kwa herufi."

"Labda umesahau, mama."

"Nisahau vipi kitu nilichokibadilisha asubuhi hii hii?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Jibu la "labda umesahau" ndilo jibu letu la kivivu kuliko yote, na mara nyingi si la kweli. Nywila yake ilikuwa sahihi mahali pamoja na si sahihi mahali pengine, kwa wakati mmoja. Makala hii inaeleza jambo hilo linatokeaje, kwa mtumiaji anayetaka kuelewa na kwa fundi mchanga anayetakiwa kulitatua. Nitatumia mfano wa mfumo ambao taasisi nyingi zinao: seva ya mafaili inayoendeshwa na Samba, na saraka ya watumishi, yaani daftari kuu la akaunti zao, inayoendeshwa na OpenLDAP. LDAP ni lugha ambayo programu hutumia kuiuliza saraka hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachohifadhiwa. Hakuna seva yenye akili inayotunza nywila yako kama ulivyoiandika. Inaisaga, na kutunza unga wake, ambao mafundi huuita hashi. Unga haurudi kuwa mahindi. Unapoingia, seva inasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga.

Tatizo ni kwamba hapa mashine za kusaga ni mbili. Saraka ya LDAP huweka unga wake kwenye sehemu iitwayo `userPassword`, kwa kawaida ukiwa umesagwa kwa njia iitwayo SHA-1 na kutiwa chumvi, yaani tarakimu za kubahatisha zinazofanya watu wawili wenye nywila moja wawe na unga tofauti. Samba inatumia mtindo wa Windows: nywila inasagwa kwa njia nyingine, MD4, bila chumvi, na matokeo yanakaa kwenye `sambaNTPassword` kama herufi na tarakimu 32. Bila chumvi maana yake ni kwamba yeyote duniani aliyechagua neno password kuwa nywila yake ana unga huuhuu: 8846F7EAEE8FB117AD06BDD830B7586C. Mmoja ni sembe, mwingine ni dona. Vyote vimetoka gunia moja, lakini huwezi kuchukua sembe ukatengeneza dona.

Fundi atauliza: kwa nini Samba isiulize tu saraka kama nywila ni sahihi, kama barua pepe inavyofanya? Kwa sababu Samba haiioni nywila. Unapofungua folda ya pamoja kutoka Windows, kompyuta yako haitumi nywila kwenye waya. Seva inaipa fumbo, kompyuta inalijibu kwa kutumia unga wa MD4, na seva inakagua jibu kwa unga wake. Huo ndio utaratibu uitwao NTLM. Tangu Windows NT 4.0 ilipopata Service Pack 3, mwaka 1997, Windows kwa kawaida inakataa kutuma nywila wazi kwa seva ya mafaili. Kwa hiyo Samba haina cha kuipelekea saraka. Lazima iwe na dona yake yenyewe.

Ukishalielewa hilo, mengine yote yanafuata. Nywila mbili zinaweza kulandanishwa kwa dakika moja tu, nayo ni ile ambayo mtumiaji anabadilisha, gunia likiwa bado ni mahindi. Dakika hiyo ikipita na gunia limepelekwa mashine moja, hakuna programu itakayolandanisha baadaye, hata ukiiacha usiku kucha. Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mtu aliyekwama ni: ulibadilishia wapi?

Mama yetu alikuwa amebadilishia kwenye ukurasa wa ndani wa taasisi, ule wa kujihudumia. Kijana akakaa, akafanya majaribio mawili kutoka kompyuta moja. La kwanza ni la saraka:

`ldapwhoami -x -D "uid=mtumishi,ou=watu,dc=mfano" -W`

Mama akaandika nywila yake, saraka ikamtambua. La pili ni la Samba:

`smbclient //seva/hesabu -U mtumishi`

Nywila ileile, vidole vilevile: NT_STATUS_LOGON_FAILURE, yaani kuingia kumekataliwa. Basi hapo maneno ya kusahau yakaisha. Nawasihi mafundi wafanye majaribio haya mawili kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ukiipanga nywila upya haraka haraka, mtumiaji atapona na ushahidi utakuwa umeufuta.

Ushahidi wenyewe ulikuwa kwenye saa. Saraka yetu ina kiendelezi cha sera za nywila, ambacho huandika wakati wa mabadiliko ya mwisho kwenye `pwdChangedTime`. Sehemu hiyo haionekani kwa utafutaji wa kawaida. Lazima uiombe kwa jina, au uongeze alama ya kujumlisha mwishoni mwa amri ya `ldapsearch`. Samba nayo ina yake, `sambaPwdLastSet`. Kwa mama zilisomeka hivi:

`pwdChangedTime: 20250626060512Z`
`sambaPwdLastSet: 1739948400`

Ya kwanza ni saa ya dunia, hivyo ongeza saa tatu: 26 Juni, saa tatu na dakika tano asubuhi. Ya pili ni sekunde zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1970. Amri ya `date -d @1739948400` inakufasiria: 19 Februari 2025, saa nne kamili asubuhi. Upande mmoja nywila ya leo, upande mwingine nywila ya miezi minne iliyopita. Kwa mzaha kijana akamwomba ajaribu ile ya zamani kwenye mafaili. Ikafungua.

"Kumbe," mama akasema, "na ile bado iko hai?"

Iko hai, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko usumbufu wenyewe. Mtu anayebadilisha nywila kwa sababu anashuku imeibwa anadhani amefunga mlango, kumbe amefunga wa mbele tu.

Kosa lilikuwa letu. OpenLDAP ina kiendelezi kiitwacho `smbk5pwd`, kwenye Linux ya Debian kinakuja na kifurushi cha `slapd-contrib`, ambacho kazi yake ni hiyo hasa: nywila mpya ikifika, kinaisaga pia kwa mtindo wa Samba. Tulikiweka zamani na tukakisahau, tukijua kazi imekwisha. Lakini kiendelezi hiki hakiamshwi na kila badiliko. Kinaamshwa na ombi maalumu la kubadilisha nywila, lile lililowekewa kanuni kwenye hati ya viwango vya intaneti RFC 3062, ambalo hubeba nywila ikiwa bado nzima. Aliyetutengenezea ukurasa alikuwa anasaga nywila mwenyewe ndani ya PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa ukurasa huo, kisha anaandika unga juu ya `userPassword` kama anavyobadilisha namba ya simu. Saraka ikapokea sembe iliyokwisha sagwa. Hapakuwa na mahindi ya kupeleka mashine ya pili. Hata sera ya urefu wa nywila haikuweza kukagua kitu, maana unga wa nywila ya herufi nne na wa herufi ishirini una urefu mmoja.

Dawa ilikuwa mistari michache: kuacha `ldap_mod_replace` na kutumia `ldap_exop_passwd`, iliyopo tangu PHP 7.2. Kwa anayetumia mstari wa amri, `ldappasswd` hutuma ombi hilo sahihi, wakati `ldapmodify` hailitumi. Kwenye mpangilio wa Samba tukaandika `ldap passwd sync = only`, yaani Samba ikipokea badiliko iikabidhi saraka, na saraka isage pande zote. Asiye na `smbk5pwd` aandike `yes`, Samba isage yenyewe. Chaguo-msingi ni `no`, na ndilo ninaloliona kwenye seva nyingi zilizowekwa kwa haraka.

Mama alibadilisha tena nywila yake kwa ukurasa uliorekebishwa, akaenda zake. Wengine kadhaa walikuwa kwenye hali hiyohiyo bila kulalamika: walikuwa wanatumia nywila mbili, wakidhani ndivyo taasisi inavyotaka.

Si kila "mafaili yananikataa" ni ugonjwa huu. Tazama wamekwama wangapi. Akikwama mmoja, shaka kulandana. Wakikwama wote kwa mpigo, acha nywila za watu, angalia nywila ya Samba yenyewe. Samba huingia kwenye saraka kwa akaunti ya msimamizi, na nywila ya akaunti hiyo imehifadhiwa kwenye faili lake la siri, `secrets.tdb`. Ijumaa moja mwenzetu aliibadilisha nywila ya msimamizi kwenye saraka, jambo jema kabisa, na hakuiambia Samba. Jumatatu jengo zima halikuwa na mafaili. Tiba ni `smbpasswd -w` na nywila mpya. Kwenye kumbukumbu za saraka ishara yake ni `err=49`, yaani nywila imekataliwa, ikijirudia dhidi ya jina la msimamizi badala ya majina ya watumishi. Ukiona `err=50`, nywila imekubalika ila ruhusa haitoshi, kwa hiyo nenda kwenye kanuni za ufikiaji.

Kuhusu kanuni hizo, tafadhali: `sambaNTPassword` isisomwe na mtu yeyote asiyehusika. Rudi kwenye fumbo la juu. Jibu hutengenezwa kwa unga, si kwa nywila, kwa hiyo mwenye unga hahitaji nywila. Nimewahi kukuta saraka iliyolinda `userPassword` vizuri na kuacha ile nyingine wazi kwa kila aliyeingia.

Kwenye matawi kuna sura nyingine. Tawi likiwa na nakala ya saraka isiyoandikika, badiliko hupelekwa makao makuu kisha hurudi kwenye nakala. Mtandao ukiwa mzito, mtu hubadilisha nywila na kukataliwa dakika hiyohiyo, halafu baada ya chai anakubaliwa. Baada ya badiliko Samba husubiri nakala kwa milisekunde 1,000 kwa chaguo-msingi, na mpangilio wa muda huo, `ldap replication sleep`, hauruhusu zaidi ya 5,000. Linganisha `contextCSN`, alama ya wakati wa badiliko la mwisho, ya makao makuu na ya tawi. Zikitofautiana kwa saa nzima, hilo si la kusubiri, nakala imekatika.

Wakati mwingine seva hazina kosa lolote. Windows hukumbuka nywila za zamani kwa ukarimu uliopitiliza, na huendelea kuzituma kimyakimya mpaka akaunti inafungwa. Amri ya `cmdkey /list` inakuonyesha ilichohifadhi, na `net use * /delete` inakata miunganisho iliyobaki. Ukiona herufi L kwenye `sambaAcctFlags`, akaunti imejifunga. Itafute kompyuta ya pili ya mtu huyo, ile ya nyumbani au ya chumba cha mikutano, kabla hujaifungua.

Mashine ya kudurufu inayotuma skani kwenye folda ni kesi yake peke yake. Kuanzia Samba 4.5, ya mwaka 2016, NTLM ya toleo la kwanza inakataliwa kwa chaguo-msingi, na kuanzia 4.11, ya 2019, SMB1, toleo la kwanza la lugha ya kushirikisha mafaili, nayo imezimwa. Mashine ya kizamani itapewa nywila sahihi na bado itaandika kwenye kioo chake kwamba nywila si sahihi, kwa kuwa haijui kusema kingine. Usiulegeze ulinzi wa seva nzima kwa ajili yake. Itafutie njia nyingine, hata kama ni kutuma skani kwa barua pepe.

Wanaoanza upya nawashauri waruke kadhia hii yote. Samba 4.0, iliyotoka Desemba 2012, inaweza yenyewe kuwa mtawala wa Active Directory, saraka ya mtindo wa Windows, ambapo nywila zote zinakaa chini ya mwenye mamlaka mmoja na Kerberos inafanya kazi ya utambulisho. Kero zake ni tofauti: saa za kompyuta zikipishana kwa zaidi ya dakika 5, Kerberos inagoma.

Na wewe unayepiga simu dawati la msaada, tuambie mambo matatu: ulibadilishia nywila wapi, saa ngapi, na ni huduma ipi bado inakukubali. Nywila yenyewe usitutajie, hata fundi akikuomba.