Ng'ombe hamezi kwa kuvutwa ulimi

Mimi ni daktari wa mifugo. Nikiitwa Kasarani, Ruai au Dagoretti, mitaa ya Nairobi, kumwona ng'ombe anayehema kwa shida, huanza kwa kuuliza mlimnywesha nini jana. Jibu huwa lilelile. Tumbo lilifura, wakamfunga kichwa juu kwenye nguzo, mmoja akavuta ulimi nje "ili njia ifunguke", mwingine akamimina chupa nzima ya mafuta ya kupikia. Nimechoka kulisikia, kwa sababu ng'ombe huyo mara nyingi haponi.

Ulimi si kizibo cha kuondolewa njiani. Kumeza kunaanza nao. Msuli huo mnene hujibana kwenye kaakaa na kusukuma kilichomo mdomoni kwenda nyuma. Hapo zoloto, yaani mlango wa njia ya hewa, hupanda, kifuniko chake hulala, pumzi husimama kidogo, na chakula huingia umioni. Ukiushikilia ulimi nje, hatua hiyo ya kwanza haipo na zinazofuata haziji. Kichwa nacho kikielekezwa juu, kinachomiminwa huteremka chenyewe, na njia iliyo wazi wakati huo ni ya mapafuni. Mafuta ndiyo mabaya zaidi: hayawashi koo, kwa hiyo mnyama huenda hata asikohoe mkajua. Siku mbili tatu baadaye ana homa, amesusia majani ya nepia, pumzi inanuka uozo. Hiyo ni nimonia ya kupaliwa, na antibiotiki hushindwa nayo mara nyingi.

Kinachoniumiza zaidi ni kumnywesha ng'ombe aliyelala chini baada ya kuzaa. Mara nyingi huyo ana homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu katika damu, na koo lake limelegea sawa na miguu. Huyo anahitaji kalsiamu ya mshipani, tena upesi. Chupa iwekeni kando, tafadhalini!

Kama ni lazima unyweshe, na mnyama amesimama na fahamu zake zipo, pua isipite usawa wa macho. Ingiza chupa ya plastiki pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lisilo na meno, mimina kidogo, ngoja. Tazama shingo upande wa kushoto: utaona funda likishuka chini ya ngozi. Hujaliona? Usiongeze. Akikohoa, achia kichwa mara moja.

Wengine huniambia: "Anatokwa na mate, basi kuna kiazi kimekwama." Huenda ni kweli, hasa kwa ng'ombe anayelishwa mabaki ya sokoni, na tumbo litafura kwa sababu gesi haipati pa kutokea. Lakini kichaa cha mbwa nacho hupooza koo, kwa ng'ombe na kwa mbwa. Mate yanadondoka kwa kuwa hayamezwi, na virusi vimo humo humo. Hukasirika sana nikikuta nyumba nzima imeshaingiza mikono mdomoni kutafuta kiazi au mfupa. Usiingize; mtenge mnyama, mwite daktari. Kama umeshagusa mate hayo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ueleze kilichotokea, wakupe chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Wengine husaga nepia ikawa kama unga, wakiamini tumbo litapata nafuu. Hapana. Ng'ombe mkubwa anaweza kutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku, na mate hayo ndiyo yanayopunguza asidi tumboni. Huyatoa kwa wingi akitafuna na kucheua, na unga hautafunwi. Kateni vipande vya sentimita 2 hadi 3.

Na mbwa akilamba kidonda chake, mate hayakiponyi. Yamejaa bakteria, na ulimi hulegeza nyuzi nilizoshona. Mvalishe kola ya plastiki mpaka nyuzi zitolewe, hata akilalamika usiku kucha.