Usiishie kwenye kilowati za chaja: Ioniq 5 na Ioniq 6 zikiwekwa pamoja

Kwenye kitengo chetu cha elimu ya nishati swali linalokuja kila mara ni hili, gari gani ya umeme inachaji haraka zaidi, na mtu akishatajiwa kilowati anaona amejua yote. Jamani bado. Kilowati zinakwambia umeme unaingia kwa kasi gani basi, lakini unachotaka wewe ukitoka hapo kwenye chaja ni kilomita, na kilomita zinategemea gari inakula umeme kiasi gani barabarani, kitu ambacho wauzaji wengi wanakipitia juu juu.

Nachukua mfano wa gari mbili za kampuni moja, Hyundai Ioniq 5 na Hyundai Ioniq 6 za mwaka 2023, zile za betri kubwa na mota moja ya nyuma. Nimezichagua makusudi kwa sababu huko chini zinafanana karibu kila kitu: zimejengwa juu ya msingi ule ule unaoitwa E-GMP, betri ni kilowati-saa 77.4 kwa zote mbili, mfumo ni wa volti 800, na kwenye chaja ya kilowati 350 Hyundai wenyewe wanasema zinatoka asilimia 10 mpaka 80 kwa dakika 18. Ukisoma karatasi ya chaji peke yake utasema hizi gari ni droo.

Haya, njoo kwenye umbali. Kwa vipimo vya EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, Ioniq 5 inaenda maili 303, yaani kama kilomita 488, na Ioniq 6 yenye rimu za inchi 18 inaenda maili 361, kama kilomita 581. Kilomita 93 za ziada na betri haijaongezwa hata kidogo! Sehemu kubwa ya hizo imetoka kwenye umbo la bodi. Ioniq 5 imesimama, ina kimo na nyuma imekatwa wima, namba yake ya ukinzani wa hewa (ikiwa ndogo gari inapasua hewa kirahisi zaidi) ni 0.288, wakati Ioniq 6 imelala chini na mgongo umeteremka taratibu mpaka nyuma, yake ni 0.21. Na hewa haina huruma, nguvu inayokurudisha nyuma inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 80 ukaenda 120 kwa saa hewa inakukaba mara 2 na robo ya ilivyokuwa, ndo maana mjini kwenye foleni hizi gari hazipishani sana ila ukishika barabara kuu ndefu pengo linafunguka.

Sasa rudisha hiyo hesabu kwenye zile dakika 18, na hapa naomba tuende pole pole kwa sababu ndo penyewe. Asilimia 70 ya kilomita 488 ni kama 341, gawa kwa 18 unapata kilomita 19 kwa kila dakika uliyosimama. Kwa Ioniq 6 asilimia 70 ya 581 ni kama 407, gawa kwa 18 inakuja karibu kilomita 23. Chaja moja, muda mmoja, umeme ule ule umeingia, lakini mmoja anaondoka na kilomita 66 zaidi. Hicho ndo kipimo ninachowaomba watu wakitumie, kilomita kwa dakika.

Hata usiku kwenye chaja ndogo ya kilowati 7 hesabu haibadiliki. EPA wanahesabu umeme kuanzia ukutani, pamoja na ule unaopotea njiani kama joto, na kwa hesabu hiyo Ioniq 5 inatumia kama kilowati-saa 18.4 kwa kilomita 100, Ioniq 6 kama 15. Saa moja ya kuchaji inakupa kilomita 38 huku na karibu 47 kule.

Kuhusu ile 350 iliyoandikwa kwenye chaja, watu wanadhani gari inavuta 350 muda wote, sio kweli. Asilimia 70 ya 77.4 ni kilowati-saa 54, ukiziingiza kwa dakika 18 wastani ni kama kilowati 180. Gari ndo inaamua inataka kiasi gani, na betri ikianza kujaa inapunguza yenyewe, kwa sababu ukilazimisha umeme mwingi kwenye seli iliyokaribia kujaa lithiamu inaanza kuganda juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na huo ni uharibifu usiorudi. Ndo sababu kampuni zinatangaza 10 mpaka 80, na safarini mimi nashauri uondoke ukifika 80 kama chaja nyingine iko mbele, ile 20 ya mwisho inakula muda sana. Betri ya baridi nayo inachaji polepole, kwahiyo iache gari ipashe betri joto kabla hujafika.

Volti 800 kazi yake ni kupunguza ampea: kwa nguvu ile ile volti zikiwa mara mbili mkondo unakuwa nusu, na joto kwenye waya linabaki robo. Ila ukikutana na chaja ya kilowati 50 hiyo faida yote inalala, zote mbili zitakaa zaidi ya saa moja, na kinachobaki kuzitofautisha ni ulaji wa umeme tu.

Halafu angalia rimu kabla hujasaini, nasisitiza. Ioniq 6 hiyo hiyo ikivalishwa rimu za inchi 20 EPA wanaipa maili 305 tu, yaani kilomita 491, karibu sawa na Ioniq 5. Faida yote ya umbo imeondoka!

Na usichanganye vipimo. WLTP, yaani jaribio linalotumika Ulaya, inaipa Ioniq 5 kilomita 507 na Ioniq 6 kilomita 614, gari ni zile zile ila jaribio ni jingine, kwahiyo mtu akikupa WLTP ya gari moja na EPA ya nyingine mwambie arudi na namba za aina moja.

Kwa anayesafiri mbali mara kwa mara ningemwambia achukue Ioniq 6 ya inchi 18. Kwa mwenye familia na mizigo anayezunguka mjini na kuchaji usiku, Ioniq 5 ina nafasi zaidi nyuma na tofauti ya ulaji hataihisi sana.