Faiba haiponyi mbao zilizooza

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye makundi ya simu: ukiwa na mashua kuukuu ya uvuvi, ifunike yote kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo) na resini (gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu), eti kuoza kutakoma na haitavuja tena. Si kweli.

Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu huhitaji unyevu. Mbao ikiwa chini ya takriban asilimia 20 ya unyevu, kuvu hawakui. Ukiifunika ingali mbichi, maji yanabaki ndani na uozo unaendelea usikoonekana. Tena mbao hutanuka na kusinyaa, ilhali resini ya poliesta ikishakauka ni ngumu. Baada ya muda hubanduka na kuachia maji njia.

Kagua mwenyewe kabla ya kununua chochote. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye maungio, miguuni mwa mataruma (mbavu za mashua) na popote maji ya mvua yanapotuama (maji baridi huozesha kuliko ya chumvi). Ncha ikizama kirahisi, mbao imeoza. Gonga kwa nyundo: mbao nzima hulia kwa ukali, iliyooza hutoa mlio mzito, uliokufa.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mashua mpya za mbao kavu hufunikwa hivyo zikadumu, na hata kuukuu hupendeza mwanzoni. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Mtu anaweza kuamini akaenda baharini na mashua iliyooza. Kinachosaidia ni kukausha, kukata sehemu iliyooza, kuweka mbao mpya, kisha kutia kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba.