Huna mafua, lakini bakteria wamo puani

"Sina mafua, barakoa ya nini?" Wagonjwa wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa, huniambia hivyo tukitaka kufungua katheta ya shingoni, ule mrija ulioingizwa kwenye mshipa wa damu, na nimechoka kuyasikia.

Mafua ni kazi ya virusi. Anayetutia hofu sisi ni bakteria aitwaye Stafilokokasi aureasi, ambaye hukaa kimya sehemu ya mbele ya tundu la pua. Kati ya watu wenye afya, wawili hadi watatu katika kila 10 wanaye, na kwa wanaosafishwa damu idadi huwa kubwa zaidi. Hawashi wala haleti kamasi. Unajikuna pua, kidole hichohicho kinagusa bandeji. Au unapiga chafya mdomo wa katheta ukiwa wazi. Ncha ya katheta iko karibu kabisa na moyo, kwa hiyo akishaingia humo amefika kwenye damu, na anaweza kushambulia vali za moyo au mifupa ya mgongo. Na kinga ya mwili nayo hudhoofika figo zikishindwa.

Basi barakoa ifunike pua, yako na ya muuguzi. Ukiishusha chini ya pua, hujavaa kitu. Geuza uso upande wa pili, usiongee mpaka tumalize. Na acha kuchokonoa pua! Hilo nitalisema hadi nistaafu.

Wengine husema: "Nipeni tu ile dawa ya kupaka puani." Mupirosini hupakwa mara mbili kwa siku kwa siku 5 na inasaidia, lakini bakteria mara nyingi hurudi, na ikitumiwa ovyo huzaa usugu. Daktari ndiye aamue.

Wanaojisafisha damu nyumbani kwa maji yanayopitishwa tumboni nao husema: "Katheta yangu iko tumboni, ya puani hayanihusu." Yanakuhusu sana, maana unaunganisha mrija kwa mikono yako mwenyewe. Nawa mikono, vaa barakoa, kila mara.

Kutokwa damu puani si lazima kusababishwe na joto. Figo zikifeli damu huganda kwa shida, na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mashine, huongeza tatizo. Inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia, kisha tuambie kabla ya kuunganishwa tena ili tuangalie kipimo cha heparini.

Vidonge vya kuzibua pua vyenye sudoefedrini hupandisha presha, na ibuprofeni huumiza figo zilizobaki na uhai kidogo. Uliza kabla ya kununua.