Maji ya bwawa yakiwa meupe, weka chini hiyo ndoo ya klorini

“Maji yamechafuka, niongeze klorini kilo ngapi?” Kila fundi wa mabwawa ya kuogelea, kuanzia Njiro hapa Arusha hadi Shanty Town kule Moshi, ameulizwa swali hili mpaka limemkinai. Usiongeze hata kijiko kabla hujapima pH (kipimo cha uasidi wa maji) na alkaliniti (uwezo wa maji kupinga asidi, unaotokana hasa na bikaboneti).

Wanaouliza hivyo wanaamini klorini ndiyo inayotakatisha maji. Klorini huua vijidudu na mwani, na huunguza jasho na mafuta ya ngozi. Kunasa chembe zinazoelea ni kazi ya filta. Tena kwa Arusha, mara nyingi klorini yenyewe ndiyo inayoleta weupe. Visima vingi vya kuzunguka Mlima Meru vina bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, na klorini ya unga inayouzwa kwa ndoo ni kalsiamu hipokloriti. Kila ukimwaga, unaipelekea bikaboneti kalsiamu iliyokuwa haipo. Zikikutana kwenye pH ya 8 na kuendelea, huganda kuwa chokaa laini inayoelea, na maji yanafanana na maziwa yaliyozimuliwa. Mwenye bwawa anaona weupe, anaongeza kilo nyingine, weupe unazidi, kisha anasema kauziwa klorini feki!

Na hiyo kilo haifanyi kazi yake. Kwenye pH 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali ya kuua vijidudu. Kwenye 8.0 inabaki kama robo.

Kujua kama ni chokaa hakuhitaji maabara. Chota maji ya bwawa kwenye glasi, tia kijiko cha siki nyeupe, koroga, subiri dakika chache. Yakitakata, ni chokaa. Yakibaki vilevile, ni vumbi au mwani uliokufa.

Chokaa dawa yake ni asidi. Bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.25, lina lita 50,000. Humo, lita 1 ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 32 hushusha alkaliniti kwa takriban miligramu 10 kwa lita. Lengo ni 80 hadi 120, na pH 7.2 hadi 7.6. Usizidishe lita 2 kwa mara moja. Washa pampu, mimina taratibu mbele ya tundu la maji yanayorudi bwawani, subiri saa nne, pima tena. pH itashuka, kisha ndani ya siku chache itapanda yenyewe. Wengi hukata tamaa hapo, lakini kinachotakiwa ni kurudia mpaka alkaliniti ishuke. Ukitaka kuizimua asidi kwenye ndoo, tangulia kutia maji ndipo utie asidi, kamwe si kinyume chake. Na usiiweke stoo moja na klorini: zikichanganyika hutoa gesi inayoua.

Kama ni vumbi, na kiangazi cha huku kina vumbi la kutosha, tumia shabu. Kwa bwawa hilohilo, yeyusha kilo 2 kwenye ndoo ya maji, nyunyiza juu ya bwawa lote, geuza vali maji yazunguke bila kupita kwenye filta kwa saa mbili, kisha zima pampu usiku kucha. Asubuhi tope limelala chini. Livute polepole kwa vakyumu, vali ikiwa kwenye njia ya kumwaga nje. Ukilipitisha kwenye filta, sehemu ya tope hilo itarudi bwawani na mchanga ulio ndani ya filta utaziba.

Wenye mabwawa wana misemo mingine pia. “Pampu saa mbili inatosha, LUKU inaliwa sana.” Pampu ya lita 8,000 kwa saa huchukua zaidi ya saa sita kupitisha lita 50,000 mara moja tu. Saa nane hadi kumi kwa siku ndiyo hesabu. Unachookoa kwenye umeme utakilipa kwenye dawa.

“Filta ioshwe kila siku.” Hapana. Mchanga ulioshika uchafu kidogo hunasa chembe ndogo kuliko mchanga uliotoka kuoshwa. Fanya bakiwashi, yaani kuosha mchanga kwa kuyapitisha maji kinyume, geji ya presha ikipanda kwa nusu ba juu ya presha ya filta safi, dakika mbili hadi tatu mpaka kioo cha vali kionyeshe maji maangavu. Malizia kwa kusuuza nusu dakika.

“Weupe ni wa floridi.” Floridi ya Arusha huharibu meno. Ikiwa imeyeyuka haileti ukungu wowote.

“Linanuka klorini, basi imezidi.” Harufu kali na macho kuwasha mara nyingi ni klorini iliyoungana na mkojo na jasho. Maana yake klorini huru, ile ambayo haijaungana na kitu, imepungua.

“Mwaga yote ujaze upya.” Kwa kisima kilekile, chenye bikaboneti ileile? Na wakati wa masika, maji ya ardhini yanaweza kuliinua bwawa tupu na kulipasua.

Mchanga wa mtoni haufai kwenye filta hata ukichekechwa mara tatu: una udongo, na punje zake hazilingani. Nunua mchanga wa silika wa milimita 0.4 hadi 0.8.