`pip install -e` nayo ni kusakinisha

Akijitokeza mtu kuuliza namna ya kuendesha majaribio ya Python bila kusakinisha msimbo wake, haichukui muda atajibiwa: "Piga `pip install -e .` umalize kazi." Ushauri si mbaya: pip ni kisakinishi cha vifurushi vya Python, na `-e` (editable) hukuachia uendelee kuhariri msimbo palepale ulipo. Ila aliuliza kingine.

Kuimpoti msimbo bila kusakinisha ni kuionyesha Python folda ya kutafutia moduli, basi. Folda hizo zimo kwenye orodha iitwayo `sys.path`. Unaweza kuiongezea kwa kigeu cha mazingira `PYTHONPATH`, au, ukitumia pytest (zana ya kuendeshea majaribio) tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022, kwa kuandika `pythonpath = ["src"]` kwenye mipangilio ya pytest. Majaribio yakiisha, venv yako (mazingira ya Python ya mradi wako pekee) iko vilevile ilivyokuwa.

`pip install -e` haiko hivyo. Ni usakinishaji kweli, isipokuwa faili zako za msimbo hazinakiliwi. Kwenye `site-packages`, folda ya vifurushi vilivyosakinishwa, huachwa kielekezi, mara nyingi faili ya `.pth`, kinachorudisha Python kwenye folda yako. Karibu yake huwekwa folda ya `dist-info` yenye jina la kifurushi, toleo lake na amri zake. Vifurushi unavyovitegemea navyo hupakuliwa. Ndiyo maana `pip list` hukitaja kifurushi chako na `pip uninstall` hukiondoa. Badilisha namba ya toleo kwenye `pyproject.toml`, faili ya mipangilio ya mradi, uone: venv itaendelea kutaja ile ya zamani mpaka usakinishe tena. Sasa hapo "bila kusakinisha" iko wapi?

Wanaopuuza tofauti hii huishia kupapasa gizani. Msimbo unaouliza toleo lake kwa `importlib.metadata.version` utakutana na `PackageNotFoundError` hata kama `sys.path` imenyooka kabisa, kwa kuwa hakuna `dist-info` ya kusoma. Mtu ataongeza folda, ataongeza nyingine, kisha aitukane pytest.

(Pytest nayo ina vituko vyake. `python -m pytest` huingiza folda uliyomo kwenye `sys.path`; `pytest` peke yake haifanyi hivyo. Ndiyo siri ya ile `conftest.py` tupu ambayo watu huiweka juu kabisa ya mradi, mambo yakanyooka wasijue kwa nini: kwa kawaida pytest huingiza folda ya faili hiyo.)

Tena, hakuna kati ya njia hizi mbili inayothibitisha kwamba wheel (faili ya kifurushi kilicho tayari kusakinishwa) utakayoipeleka PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, imekamilika. Faili ya JSON iliyosahaulika kwenye wheel bado ipo kwenye folda yako, kwa hiyo majaribio yatapita tu.

Basi anayeuliza, aulizwe kwanza kama msimbo wake unasoma taarifa za kifurushi chake. Ukiwa hausomi, mstari mmoja wa `pythonpath` unamtosha. Ukiwa unasoma, mpeni `pip install -e`, ila mwambieni kwamba anasakinisha.