Profesa halipwi na jarida jamani

Jana barazani hapa Langoni nimesikia tena yale maneno, eti hawa walimu wa vyuo wanaokuja Lamu kuchimba vigae na kuuliza wazee maswali, makala ikishatoka kwenye jarida wanavuna mamilioni. Sio kweli, na naandika kwa sababu naona watu wameanza kuwanyima hata salamu.

Jarida la kitaaluma kwa kawaida halimlipi mwandishi hata senti. Mengine ndo yanamtoza yeye, tena hela nyingi, ili watu waisome makala yake bure. Na kabla haijatoka inapelekwa kwa wasomi wengine waikague, nao mara nyingi wanafanya bure, wanaweza kuirudisha mara mbili tatu. Mshahara unatoka chuoni, pesa za safari na maabara ni za ufadhili na zinatolewa hesabu.

Chukua ule utafiti wa DNA wa Waswahili wa kale uliotoka kwenye jarida la Nature 2023, Profesa Chapurukha Kusimba alikuwa mmoja wa walioongoza, mabaki ya watu 80, wengine wa Manda na Faza hapa hapa kwetu, na huyo amechimba pwani hii miaka na miaka. Mimi nimemwona binti wa chuo akisugua kigae kwa mswaki, kidogo kama ukucha, halafu anakiandika namba kwa wino, kisha kingine, mpaka adhana ya magharibi.

Faida yao kubwa ni jina na kupanda cheo. Tukitaka kuwabana tuwaulize lini watarudi kutwambia walichopata, tena kwa Kiswahili, hapo tuna haki kabisa.